Bwana Shughuli na Sisi Wapiga Santuri

Vijana wenye spika kubwa kuliko vyumba vyao hunijia hapa barazani kwangu Manundu na kuniuliza, mzee, enzi zenu kazi mlizipataje? Wananiita dijei wa kwanza wa Korogwe, jina ambalo sikuliomba. Sisi tuliitwa wapiga santuri, na jibu la swali lao ni mtu mmoja. Kazi ukiipata umeipata kwa Bwana Shughuli, ukiikosa umeikosa kwake. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi sijui, wala sina hamu ya kujua. Namjua kwa niliyoyaona, nayo yananitosha.

Shughuli kwetu ni harusi, ni jando, ni kumtoa mwali, ni dansi ya siku ya mshahara kwenye mashamba ya mkonge. Yeye hakuwa bwana harusi, hakuwa ngariba, hakuwa mnyapara, lakini toka Mombo hadi Handeni hapakuwa na shughuli iliyosimama bila yeye kuwamo. Alitafuta kibali, akatafuta viti, akatafuta mpishi, na mwisho kabisa akatutafuta sisi. Alikuwa mrefu, mwembamba, na baiskeli yake aliisukuma zaidi kuliko alivyoipanda, kwa sababu mtu anayepanda baiskeli, alisema, hapati habari. Uhuru ulipokuja aliandaa sherehe. Mashamba yalipotaifishwa aliandaa sherehe. Siasa ya vijiji ilipokuja, aliandaa pia, na huko ndiko ninakoelekea, ila nitafika kwa mwendo wangu.

Alikuwa na akili, hilo simnyimi. Wenzake walisubiri kualikwa. Yeye alikwenda kukaa kwenye mashine ya kusaga. Alikaa pale kwenye benchi, nguo zote zimejaa unga, akiwaamkia akina mama na kuwasaidia kutua mizigo. Mwenye kusaga debe moja alimwacha aende zake. Mwenye kuleta magunia aliandamana naye hadi nyumbani. "Shughuli haianzii ukumbini," alikuwa akisema. "Inaanzia kwenye unga. Baba wa bibi harusi atakuficha, lakini mahindi hayana siri." Basi mara nyingi alijua harusi kabla majirani hawajaijua, na alipopiga hodi kwa mwenye shughuli alikuwa tayari ameshapanga nani atapika na nani atapiga santuri. Vijana wa leo wanaobandika picha zao kila ukuta ningewashauri wakakae mashineni kwanza. Nikiwaambia hivyo, wanacheka.

Mimi nilimfikia nikiwa nimetoka kukata mkonge. Nilikata mpaka mikono ikawa haina ngozi ya kuonea haya, nikanunua pleya ya betri, spika ya bati yenye mdomo mpana na santuri kadhaa za rumba na chacha ambazo nilizifunika kwa khanga ya mama zisipinde kwa jua. Nilidhani mtu akishakuwa na mashine amekuwa mpiga santuri. Nilikuwa sijui kuwa mashine bila Bwana Shughuli ni sanduku tu.

Siku aliyonipima nilikuwa na mwenzangu, kijana kutoka Mazinde, mwenye mashine nzuri kuliko yangu na sikio zuri kuliko langu. Alituweka uani kwake akasema, "Pigeni. Nikisema simama, simameni." Alituachia mpaka wimbo ukafika pale panapoinua miguu, akasema simama. Tukasimamisha. "Wekeni tena ile ile." Tukaweka. Pale pale, simama. Akaturudisha hivyo mpaka mimi mwenyewe nikaanza kuuchukia ule wimbo. Yule wa Mazinde akasema kwa adabu kabisa, "Mzee, samahani, kwa nini turudie hii? Watu si watachoka?" Bwana Shughuli akamcheka kwa upole, akamwagizia chai, akamsindikiza mpaka njiani na kumwambia, "Tutaonana, kijana." Hawakuonana. Hilo neno lake, tutaonana, lilikuwa kaburi. Hapana hakuwahi kulitamka maishani mwake, alitamka tutaonana, na aliyeambiwa hivyo alirudi kwao kukata mkonge.

Mimi nilikuwa sijasema kitu. Akanigeukia akamwambia mkewe aliyekuwa anachambua mchele, "Huyu atafaa. Huyu haulizi." Nikaondoka pale nimevimba kichwa. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya sifa, maana popote aliponipeleka alinitambulisha vivyo hivyo: huyu haulizi. Wenye shughuli waliridhika. Mimi nilidhani ni sifa.

Kuhusu malipo nitasema mara moja tu niyaache, kwa sababu yakianza hayaishi: alilipa anapotaka, na asipotaka alikupa sahani ya pilau na hadithi. Kilichoniuma zaidi ni mchezo wake wa kuwaita wapiga santuri wawili kwenye shughuli moja. Kila mmoja alidhani ameitwa peke yake. Aliyewahi alipiga, aliyechelewa aligeuza na betri yake kichwani mbele za watu. Niliwahi kumwona mtu mzima, baba wa watoto, akibembeleza apewe angalau ule muda watu wanaponawa mikono. Bwana Shughuli alimshika bega kwa huruma ya kweli. Alikuwa na huruma nyingi sana kwa watu aliowaumiza mwenyewe.

Na hapa ndipo anaponisumbua, kwa sababu mtu mbaya moja kwa moja nisingemkumbuka hivi. Mama yangu alipougua kule kwetu Mazingara, ni yeye aliyekwenda kumwomba dereva wa lori la mbao, akamketisha mama mbele kwenye kiti kizuri na yeye mwenyewe akapanda nyuma juu ya magogo hadi hospitalini. Mama alimpenda mpaka kufa kwake. Swala hazikumpita. Mjane asingekosa viti vya matanga naye yupo. Halafu, jambo la kuchekesha, muziki wenyewe hakuupenda. Kwenye dansi zake zote alikaa ameipa spika mgongo, uso wake barabarani, na ukimwuliza wimbo gani umepigwa hakujua. Alisikiliza miguu. Kwa vishindo vya miguu alijua kama shughuli imekubali au imekataa, na hakuwahi kukosea. Watu walicheza, na yeye aliwasikiliza kwa mgongo.

Sasa Mazingara.

Kwetu Wazigua mjomba si mtu mdogo. Mimi nililelewa na mjomba wangu, kaka yake mama, kwenye mji wake uliokuwa peke yake kule ndani, mbali na barabara, penye kisima chake, mihogo yake na makaburi ya wazee alikofanyia matambiko. Nilikula naye sinia moja tangu nilipojua kunawa mwenyewe. Nilipomletea mashine kuionyesha mara ya kwanza aliizunguka, akauchungulia mdomo wa spika, akasema, "Siku utakayoitwa kuipiga hapa kwetu, kwa heshima, mimi nitavaa kanzu." Alisema kwa utani. Mimi niliichukulia kama ahadi, na nilitamani siku hiyo ifike.

Miaka ile ya kuhamishiwa vijijini ilikuta watu wa kwetu wametawanyika hivyo hivyo, kila mtu na mji wake porini. Wakubwa walitaka waje wakae pamoja kando ya barabara. Wazee walisikiliza, wakasema ndiyo, wakarudi kwao. Mgambo walipokuja kupiga mbiu ya mkutano, nyumba zilibaki na kuku tu. Wahenga wamesema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na watu wa kwetu waliuamini ule usemi kuliko mtu mwingine yeyote. Wakisikia baragumu wanaingia vichakani na watoto wao, wanatoka jua likizama.

Bwana Shughuli alinikuta nyumbani, akakubali uji, akasema, "Kijana, nina shughuli. Mazingara, kwenu. Ijumaa baada ya swala."

Nilifurahi hata nikasahau kumkaribisha uji wa pili. Swali lilinijia hadi ulimini: shughuli ya nani? Mtoto gani wa kwetu anaoa mimi nisijue? Nikalimeza. Nilikuwa nimeona swali moja linavyomrudisha mtu kwao Mazinde. Nasema hivi waziwazi, na atakayenilaumu anilaumu, lakini aliyenifundisha kutouliza ni yeye, na alinifundisha akijua nitakuja kumfaa kwa nini.

Tulipanga mashine kwenye uwanja kando ya barabara. Nikapiga rumba. Mchana wa Ijumaa, upepo ukielekea ndani, na spika ile ya bati ilisikika mbali. Walianza kutoka kwenye vijia, kwanza watoto, kisha akina mama na khanga zao za kutokea, kisha wazee. Walijua ni mashine yangu. "Ni mpwa wa fulani," waliambiana, "kaja na santuri zake." Na mjomba wangu akatokea na nyumba yake yote, hakubaki hata mtu wa kulinda mbuzi, naye amevaa kanzu. Alinipita, akanigusa mkono, akaenda kukaa kwenye kiti cha mbele.

Watu walicheza. Bwana Shughuli alisimama ameipa spika mgongo, anatazama barabara. Vishindo vya miguu vilipokolea, yakatokea malori.

"Simama," akasema.

Nikasimamisha. Mkubwa mmoja akapanda juu ya lori, akasema habari za shule, maji na zahanati, akasema kijiji kipya ni hapa hapa uwanjani na watu wanahamia leo. Alizungumza vizuri, wala hakutukana mtu. Wazee wakaomba wakachukue vyombo. Waliotangulia wakarudi wakikimbia wakisema mapaa yameshang'olewa. Mgambo walikuwa wamepita kwa nyuma wakati sisi tunacheza. Akina mama wakaanza kulia. Watoto walikuwa bado wanaizunguka spika wakisubiri wimbo mwingine.

Bwana Shughuli akaniinamia sikioni. "Weka tena ile ile."

Nikaweka.

Mjomba alisimama katika kanzu yake akaitazama mashine. Mimi hakunitazama. Wimbo ulikwenda mpaka mwisho, na hakuna aliyecheza.

Maji yalikuja baadaye, sikatai, na shule ikajengwa, na wako watoto wa kwetu waliosoma hapo wakawa watu. Sibishani na hayo. Mimi nalia na langu. Mjomba alijenga kibanda kando ya barabara kama wengine, akaacha kisima na makaburi porini, na nilipokwenda kumwamkia aliitikia shikamoo yangu akiwa ametazama pembeni. Chakula kilipoletwa nikanawa, nikanyoosha mkono. Akalisukuma sinia upande wake. "Huyo aliyekuleta," akasema, "aje aniambie kwa mdomo wake kwamba hukujua. Mpaka siku hiyo utakula nje." Mkewe, ambaye mimi nilimwita mama mdogo, akaniletea sahani mlangoni pa jiko huku analia. Tangu siku ile, kila nilipokwenda Mazingara, sahani yangu ilikuwa mlangoni pa jiko.

Si kwamba nilikosa chakula. Mtu wa kwetu asiyekula na mjomba wake hana pa kusimama. Hatambiki naye, haulizwi neno kwenye harusi ya dada yake, na akifa hajulikani nani atashika upande wa kichwa anapoteremshwa kaburini. Nilitaka kurudishwa kwenye lile sinia, basi. Sikutaka kingine kwa Bwana Shughuli wala kwa dunia.

Nikamwendea. "Nitakuja, kijana," alisema, "lakini mvua ziishe." Mvua zikaisha. Ikawa Ramadhani. Ramadhani ikaisha, ikawa ana ugeni. Nilimvizia mashineni, nilimvizia msikitini, na kila mara alinishika bega kwa huruma ile ile. Na kazi zenyewe zilikuwa zimenikimbia. Upande wote wa Handeni wenye shughuli walisema hapana, wapigie wengine. Wakisikia spika yangu akina mama waliwaita watoto wao ndani. Nilibaki kupiga huku Korogwe kwa watu wasionijua, na wengi wao niliwapata kupitia kwake. Ndiyo, niliendelea kupiga kwake. Ningepiga kwa nani?

Miaka ilikwenda. Vijana wakaleta mashine za umeme, kumbi zikapata wenyewe, na watu wa kutafuta vibali wakawa wengine. Siku moja nikamkuta stesheni ya Korogwe, amekaa kwenye benchi, baiskeli hana, kanzu imechujuka kolani. Hakuwa anasafiri. Alikuwa anatazama nani anashusha mizigo gani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Mama hajambo?"

"Mama alikufa, mzee. Ulikuja matangani."

"Kweli. Viti vilikuwa vizuri."

Nikamwambia mjomba anaumwa kifua, haendi tena shamba, na kama kuna siku ya kumsemesha ni sasa. Nilitegemea niambiwe mvua. Akainuka, akajipangusa, akasema twende. Siku ile ile. Tukapanda basi la Handeni, tukashuka, tukapata lori la mkaa, tukamalizia kwa miguu. Njia nzima alikuwa mchangamfu, anasalimia kila mtu, anauliza mahindi ya nani yale. Nilifika hatua ya kumwonea huruma kwa jinsi nilivyokuwa nimemchukia.

Mjomba alikuwa kitandani barazani. Alimkaribisha kiungwana, wakaulizana hali, wakazungumza habari za mbuzi na habari za kifua. Nikaona wanapendana. Kila mtu alimpenda yule bwana. Kisha Bwana Shughuli akakohoa.

"Mzee, nimekuja kumsemea mpwa wako. Siku ile hakujua. Naapa kwa Mungu, hakujua kitu."

Mjomba akaniangalia usoni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya kanzu.

"Hakujua," akarudia.

"Hakujua kabisa. Na ndiyo maana nilimchagua. Wapiga santuri walikuwepo, tena wenye mashine nzuri kuliko yake. Lakini wangeniuliza shughuli ya nani. Huyu haulizi, mzee. Ukimwambia simama, anasimama. Ukimwambia weka tena, anaweka. Mtu wa namna hii humpati kirahisi."

Alikuwa ananisifu. Uso wake ulikuwa umejaa wema, ananisifu kama alivyonisifu kwa wenye shughuli wote wa Korogwe, na mimi nilisimama pale nikiona macho ya mjomba yanavyonitoka taratibu na kurudi pembeni yalikozoea.

"Nilikuwa nadhani hukujua," mjomba akaniambia. "Kumbe hukutaka kujua."

"Mjomba, na yeye je? Mbona yeye humwambii kitu?"

"Huyu ni mgeni wangu. Alikuja na kazi yake na kuondoka nayo. Wewe ndiye niliyekuvalia kanzu."

Chakula kikaletwa, ugali na mchicha wa nazi. Mjomba aliinuliwa akakaa. Bwana Shughuli akanawa, akasema bismillahi, akala na mjomba wangu sinia moja. Mama mdogo alisita na sahani yangu mkononi, akamtazama mumewe, kisha akaiweka mlangoni pa jiko. Nikaenda kuila. Nilimsikia mgeni akiniita, "Kijana, njoo huku basi, mchicha mtamu huu," nikamega tonge jingine pale pale mlangoni. Mjomba alikufa kabla ya mvua zilizofuata, na upande wa kichwa ulishikwa na watu wengine.

Tulipokuwa tunasubiri lori la kurudi, Bwana Shughuli alinishika bega. "Nimekusemea vizuri," alisema. "Mzee ameelewa." Kisha akainua kichwa kama alivyozoea akinusa unga. "Mashine yako bado nzima? Nina shughuli Mombo, Jumamosi."

"Ya nani, mzee?" nikamwuliza.

Alinitazama. Hakukasirika. Alinitazama kwa upole aliomtazama nao yule kijana wa Mazinde, akanisogezea nafasi kwenye gogo tulilokalia, akanipa nusu ya muwa aliokuwa anautafuna.

"Tutaonana, kijana," akasema.